Mihogo Ilipopata Mnunuzi

Nangila alipanda mihogo mahali ambapo mahindi yalikataa. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya shamba lao karibu na soko la Ziwa, mteremko wenye changarawe, ambapo mumewe Lusweti alijaribu mahindi yakatoka mafupi na ya manjano, akajaribu tena, kisha akakata tamaa. "Hapo fanya unachotaka," alimwambia. Basi Nangila akasafiri hadi kwa mama yake Bungoma, akarudi na vijiti vya mihogo ndani ya gunia, akavipanda peke yake mvua ilipokaribia.

Majirani walimcheka kidogo. Pande hizi za Eldoret watu huongea mahindi na maziwa. Mihogo, walimwambia, haipendi baridi. Na ni kweli ilichelewa. Kule kwao ingekuwa imeliwa na kusahaulika wakati hii bado inajikusanya chini. Lakini Nangila hakuwa na haraka nayo. Muhogo hauna msimu wa kuvuna kama mahindi. Unakaa ardhini unakungoja. Ukitaka shina moja leo unang'oa hilo, mengine unayaacha yaendelee.

Alikuwa na aina mbili. Upande wa juu wa mteremko alipanda ile tamu, ya kuchemsha na kula na chai. Upande wa chini, unaopakana na barabara, alipanda ile chungu, ambayo hailiwi hivi hivi. Hiyo lazima uimenye, uiloweke mpaka ilainike, uianike ikauke kabisa, halafu uisage pamoja na nafaka ya wimbi upate unga wa ugali ule wa kahawia aliokulia nao. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, na hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyeijua.

Siku moja ya soko, Nangila alikuwa ameketi Ziwa nyuma ya sukuma wiki zake, akila kipande cha muhogo alichokuja nacho kwa karatasi. Mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa wa omena hatua chache kutoka hapo akamwangalia, akamwangalia tena, mwishowe akasimama akaja.

"Mama, samahani. Hiyo umenunua wapi?"

"Sijanunua. Ni ya kwangu."

"Nionjeshe basi, hata kidogo."

Nangila akamkatia. Yule mwanamke akatafuna polepole, macho yake yakiwa mbali, kama mtu anayesikiliza. Jina lake lilikuwa Aloo. Omena, alieleza, alikuja nayo Ziwa siku za soko tu. Kazi yake hasa ilikuwa mjini Eldoret, ambako alikuwa na kibanda cha kuuza mihogo, ya kuchemsha asubuhi na ya kukaanga jioni. Mihogo yenyewe ilimfikia kwa lori kutoka Busia.

"Na shida iko hapo," alisema. "Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Lori likiharibika njiani siku moja, mimi napasua muhogo napata mistari myeusi ndani. Kastoma anautema, anaenda kwa mwingine. Hii yako ni ya jana?"

"Ya leo asubuhi."

"Unaona sasa! Uko nayo nyingi?"

Nangila alisita. "Iko ya kutosha nyumbani."

"Niuzie, Mama. Nitakuja na gari mpaka shambani. Hutabeba hata muhogo mmoja."

"Hiyo si ya kuuza," Nangila akajibu. "Hiyo ni ya njaa. Mahindi yakiisha ndiyo tunakula hiyo."

Aloo hakubishana. Alichukua simu ya Nangila, akajipigia ili namba zao zikae pande zote mbili, akarudi kwenye omena zake.

Jibu alilotoa Nangila lilikuwa la kweli, lakini halikuwa lote. Lile lingine hakuweza kumwambia mtu aliyekutana naye sokoni.

Miaka ya nyuma walikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa ya yule ng'ombe yalikuwa ya Nangila. Aliyakamua yeye, akawauzia majirani kwa kikombe, na kile kidogo kilichopatikana kilikuwa chumvi, sabuni, sare ya shule ya binti yao Joy, sadaka. Lusweti hakuwahi kuuliza. Kisha barabara ikatengenezwa, gari la maziwa likaanza kupita kila asubuhi, na ikasemekana kila nyumba ifungue akaunti. Akaunti ikafunguliwa kwa jina la mwenye shamba. Hakuna aliyegombana. Lusweti hakuwa mlevi wala mtu wa kutangatanga. Alikuwa ameendesha trekta za watu miaka mingi mpaka akanunua hako kashamba, na pesa za maziwa alizitia kwenye mbolea na mbegu ya mahindi kama mtu mwenye akili. Lakini tangu hapo Nangila aliendelea kuamka alfajiri kukamua, na akitaka sabuni ilibidi aombe.

Hapo ndipo alipojifunza. Kitu kikiwa kidogo, ni cha mama. Gari likianza kukifuata mpaka nyumbani, kinapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo mihogo yake aliipenda vile ilivyokuwa, haina gari, haina bei, haina mtu wa kuitamani. Jirani yake Edinah, ambaye walitoka naye upande mmoja wa Bungoma na waliimba kwaya pamoja, aliingia shambani wakati wowote alipoishiwa, akang'oa shina moja, akapita jikoni kusema, "Nangila, nimekuibia." Wakacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yote.

Aloo alipiga simu mara kadhaa. Nangila alimjibu vilevile, kwa upole. Halafu simu zikaacha kuja, akadhani yameisha.

Yalikuwa hayajaisha. Jumatano moja Nangila alienda matangani upande wa Moi's Bridge akarudi alasiri. Alipokuwa akiepua ugali Lusweti akasema, kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema, "Kuna mama mmoja wa Eldoret alikuja hapa. Anataka mihogo. Nimemwambia aje Jumamosi na gari."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Nangila. "Mihogo gani?"

"Hiyo ya mteremkoni. Si imejaa tu? Mbolea ya kupandia bado hatujanunua, Mama Joy. Hii ni kama Mungu ametuona."

Nangila akageuza ugali kwenye sahani. Angeweza kusema maneno mengi. Kifua chake kilikuwa kimeyapanga yote, na la kwanza kabisa lilikuwa kwamba hakuulizwa. Lakini uso wa Lusweti ulikuwa na furaha ya kweli, furaha ambayo hakuwa ameiona kwa muda, na akajiona kama mtu anayetaka kumnyang'anya mtoto chakula. Alimpakulia mboga. Usingizi wake ulikuwa mbaya siku zote mpaka Jumamosi.

Pikapu ilikuja jua likiwa limeshapanda. Aloo alishuka na vijana wa kung'oa, akamsalimu Lusweti pale barabarani. Nangila alimwona kutoka mlango wa jikoni. Aliona Aloo akitazama upande wa nyumba, kisha akitazama chini haraka, na akajua kwamba yule mwanamke alielewa vizuri sana alichokuwa akifanya.

Lusweti akawaonyesha vijana pa kuanzia. Akaonyesha pale karibu na gari, upande wa chini, ambapo mashina yalikuwa manene na udongo umepasuka kwa wingi wa mihogo. Yeyote angeanzia hapo. Jembe la kwanza likaingia.

Ilikuwa ile chungu.

Nangila alisimama mlangoni na sufuria mkononi, na hakusogea. Baadaye, alipojichunguza, hakuweza kujificha kwamba alisimama pale kwa makusudi. Alikuwa akiona yatakayofuata kana kwamba yameshatokea. Aloo angebeba mzigo mpaka mjini. Angeuchemsha Jumapili asubuhi. Watu wangelalamika kwa uchungu, wengine wangetapika, na habari ingeenea soko zima kwamba mihogo ya Ziwa ni sumu. Aloo hangerudi tena. Lusweti angeona aibu asiguse kitu chake tena. Na mteremko ungebaki kuwa wake, na kimya, kama zamani. Hakuhitaji kufanya lolote. Kunyamaza tu, na kunyamaza alishazoea.

Gunia la kwanza likajaa. Vijana wakalirusha kwenye pikapu.

Ndipo akafikiria wale ambao wangekula. Sio Aloo. Alimfikiria mtu asiyemjua, mama anayefanya kibarua cha kufua nguo mjini, anayepita kwa kibanda asubuhi kumnunulia mtoto wake kipande kimoja kwa sababu kinashibisha kuliko mandazi. Kule kwao watoto waliwahi kuugua vibaya kwa muhogo mchungu ulioliwa kwa haraka wakati wa njaa. Aliwajua wazazi wao. Akaweka sufuria chini akatoka, na kabla ya kufika akawa tayari anapaza sauti.

"Wachaneni na hiyo! Shusheni hilo gunia!"

Vijana wakasimama. Lusweti akageuka, uso umekunjika. "Mama Joy, ni nini sasa?"

"Hiyo ni chungu. Ni ya unga. Mtu akiichemsha hivyo na kuila, itamuumiza."

"Chungu?" Lusweti akaangalia mashina kama ambaye hajawahi kuyaona. "Lakini yote ni mihogo."

"Ya juu ni tamu. Hii ya hapa si ya kuchemsha. Angalia hata vikonyo vya majani, hivi vyekundu, vya kule ni vya kijani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba Joy."

Hakulisema kwa ukali. Lakini lilisikika na kila mtu, na vijana wakaanza kuangalia majembe yao. Aloo alikuwa ametoa muhogo mmoja kwenye gunia, akaukwaruza kwa kucha, akagusisha ulimi, akatema. Akakaa kwenye ukingo wa pikapu.

"Kesho ni Jumapili," alisema. "Watu wa kanisa la mapema wote hupitia kwangu." Akaurudisha ule muhogo kwenye gunia. "Mama, nisamehe. Ulinikatalia kwa simu, nikaona mlango wa mbele umefungwa, nikapitia wa nyuma. Nilijua."

Lusweti akauliza, "Kwani mnajuana?"

"Tulikutana sokoni," Aloo akajibu. "Nilimwomba mihogo akasema si ya kuuza. Niliuliza njia ya hapa sokoni, na nilipokukuta peke yako sikukuambia." Akamgeukia Nangila. "Sasa nauliza kwa njia ya haki. Gari nimeshalikodi, lakini hiyo ni shida yangu. Ukisema niende, naenda. Unauza ama hauuzi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Nangila swali kama hilo mbele ya mumewe. Alimtazama Lusweti, naye alikuwa akitazama barabarani, taya limekaza. Alimtazama Aloo, mwanamke aliyekuwa akitegemea kibanda kama yeye alivyotegemea mteremko. Alitambua kitu kilichomshangaza. Hakuwa akiogopa kuuza. Alikuwa akiogopa kuuziwa vyake bila kuulizwa.

"Nitakuuzia ya juu," akasema. "Sio yote. Nitakuonyesha mashina ya kung'oa. Mengine yanabaki. Na siku ukitaka tena, unapiga simu yangu."

"Yako," Aloo akakubali.

Wakang'oa mpaka karibu adhuhuri. Nangila alitembea mbele akigusa mashina, hili ndiyo, hili bado. Mwishoni Aloo akatoa pesa kwenye kifuko chake cha kiunoni, na mkono wake ukabaki hewani katikati ya mume na mke. Lusweti akauona.

"Mpe mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini, na akaondoka kwenda kumhamisha ng'ombe, ingawa ng'ombe alikuwa na majani ya kutosha.

Nyumba ilikuwa nzito baada ya hapo. Lusweti hakugomba, alikula, akashukuru, akatoka. Jumapili ya pili walipokuwa wakirudi kutoka kanisani kwa miguu, akaanza bila kumwangalia.

"Uliniaibisha mbele ya watu."

"Najua. Sikutaka iwe mbele ya watu."

"Ungeniambia Jumatano."

"Ningekuambia." Nangila alitembea kidogo. "Baba Joy, maziwa yalipoanza kwenda na gari, hukuwahi kuniuliza tena jambo lolote juu ya yale maziwa."

Lusweti akasimama. "Maziwa? Hiyo pesa yote nilinunua mbolea! Sikuinywa mimi!"

"Sijasema uliinywa. Ulifanya kazi nayo vizuri. Nasema tu hukuniuliza. Na mkono unaokamua ni wangu."

Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna chumba nyumbani mwake ambacho hajawahi kuingia. Walifika nyumbani, na yeye akabaki nje, ameketi juu ya jiwe, mpaka chai ikapoa. Akaunti haikubadilishwa jina. Jambo hilo si rahisi hivyo. Lakini malipo ya maziwa yaliyofuata yalipoingia alikuja jikoni akasema yameingia, na akauliza, kwa ugumu wa mtu anayejaribu kiatu kipya, kama kuna kitu kinachohitajika kabla ya mbolea.

Aloo alirudi, akarudi tena. Nangila akaanza kuwa na pesa ambazo hakuziomba kwa mtu. Alijinunulia sweta, kisha akanunua fulana mpya ya kazi ya Lusweti, ambayo aliipokea na kuivaa kila siku. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitegemea.

Ilikuwa Julai, wakati ule mahindi ya zamani yameisha na mapya bado ni majani matupu. Edinah alikuja asubuhi na ndoo. Hakupitia shambani. Alibisha mlangoni kama mgeni.

"Mama Joy, habari ya asubuhi."

Nangila akashtuka. Tangu walipojuana Edinah alimwita kwa jina lake. "Nzuri. Ingia basi, Edinah."

"Sikai. Nilitaka mihogo kidogo." Akafungua pindo la leso lililofungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu. "Unauza aje siku hizi?"

Nangila aliona aibu kama aliyevuliwa nguo. Na lililomuuma zaidi ni kwamba, kabla hajasema neno, kichwa chake kilikuwa kimeshafikiria shina lipi ambalo Aloo hangejali kulikosa.

"Funga hiyo leso," alisema. "Tangu lini?"

"Lakini sasa ni biashara. Siwezi kukuharibia."

"Edinah, funga."

Walienda pamoja juu, Nangila akang'oa mwenyewe, akachagua shina ambalo lingempendeza Aloo. Edinah alishukuru sana, kupita kiasi, na ndoo ikiwa imejaa akaondoka kwa adabu. Hakusema kwamba ameiba. Wala hakurudi kwa majuma mengi, ingawa Nangila alijua kwake hali haikuwa nzuri.

Jambo hilo lilimkalia. Alilifikiria akikamua, akalifikiria akipalilia. Zamani mihogo yake haikuwa na bei, na kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuichukua bila kuwa maskini. Sasa ina bei, na anayeichukua bure anajijua kuwa anasaidiwa. Yeye hakuwa amebadilika, wala Edinah. Kilichobadilika ni muhogo, na hapakuwa na njia ya kuurudisha ulivyokuwa. Angemfukuza Aloo leo, Edinah bado angekuja na leso yake.

Siku moja akakata mashina yaliyong'olewa, akafunga vijiti vya ile tamu, akaenda navyo kwa Edinah. Alimkuta akichambua kunde uani.

"Kule nyuma kwa choo chako kuna ardhi kama ile yangu," Nangila akasema. "Ile ya mawe. Panda hii."

"Nitakula lini? Si inachelewa huku."

"Inachelewa. Lakini Aloo anataka zaidi ya niliyo nayo, na akikosa kwangu atarudi kwa malori ya Busia. Tukiwa wawili ama watatu hatakosa. Na wakati inakua, mimi na wewe tutasaga ile chungu. Peke yangu siwezi kuimenya yote. Unga tutagawana."

Edinah alichambua kunde chache. "Unanipa ama unanipa kazi?"

"Nakupa kazi. Na ni ngumu, mikono itanuka wiki nzima."

Edinah akacheka, kicheko kifupi, sio kile cha zamani lakini kilitoka mahali palepale. "Haya. Lete hiyo migunia yako inayonuka, Nangila."

Mahindi ya mwaka huo yalipovunwa bei ilikuwa mbaya, kama ilivyokuwa mbaya kwa kila mtu Ziwa. Lusweti aliyaweka ghalani akingoja. Mwaka ulipogeuka na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima, Nangila alikuwa akiandaa vijiti vya kupanda aliposikia hatua za mumewe nyuma yake. Alikuwa na jembe begani.

"Ile kona ya mahindi, pale chini ya mteremko, ambapo hutoka ya manjano," alisema. "Nilikuwa nafikiria. Unaona mihogo itakubali hapo?"

"Itakubali, maji yasiposimama."

"Hayasimami." Akakohoa. "Naomba vijiti basi. Vya ile tamu. Itakuwa ya kwangu, na yako itabaki yako. Aloo akikubali kuninunulia, sawa. Akikataa, tutakula."

Nangila akamtazama vizuri. Alikuwa anazeeka, mumewe, na fulana ile ilikuwa imepauka mabegani. Akamhesabia mafungu mawili, kisha akaongeza la tatu.

"Utapalilia mwenyewe," akamwambia.

"Nitapalilia."

Walishuka pamoja mpaka kwenye kona. Lusweti akachimba, akasimamisha kijiti cha kwanza wima kama nguzo ya ua, akakikanyagia udongo kwa nguvu. Nangila alizoea kupanda kwa kulaza, macho ya kijiti yakielekea juu. Akafungua mdomo amwelekeze, akaona jinsi mumewe alivyoinama kwa makini, ulimi umetoka pembeni ya midomo, akaufunga tena. Hata kikiwa wima kitaota. Akachukua jembe la pili, akaanza mstari wake pembeni.